Dodoso la Pili la Mama Shimba

Maswali yalikuwa manane, na hayohayo manane yaliulizwa katika nchi saba, ili wakubwa wa mradi wajue ni wapi watu wanaiogopa zaidi korona. Mtu alijibu kwa namba: moja ni siogopi hata kidogo, tano ni naogopa mno. Baada ya wiki mbili ulimrudia mtu yuleyule, ukamuuliza tena. Majibu yakifanana, kipimo kilihesabiwa kuwa cha kuaminika. Hivyo ndivyo Nusrat alivyofundishwa kwa siku tatu ukumbini Nyegezi, akapewa fulana, kalamu na barakoa, akaingia kazini kichwa juu.

Alhamisi moja alipanda kwa Mama Shimba, Buhongwa, nyumba ya juu kabisa kwenye mawe. Mama huyu, Dorotea kwa jina lake, alikuwa mjane aliyekaa na mwanawe Shimba, mfanyabiashara wa ng'ombe. Shimba naye akavuta kiti, akanyoosha miguu, akasikiliza.

"Mama, unaogopa kufa kwa korona?"

"Mimi? Niogope nini?" Mama Shimba alicheka, akamtupia mwanawe jicho. "Andika siogopi."

"Unakosa usingizi ukiifikiria?"

"Nalala fofofo. Andika siogopi."

Yote manane, moja. Shimba akapiga paja kwa furaha. Sasa hebu niambieni, mama gani angetamka woga wake mbele ya mwanawe wa kiume, tena mbele ya mgeni aliyemkaribisha mwenyewe? Nusrat ni mzaliwa wa Mwanza, alilijua hilo. Ila karatasi haikuwa na nafasi ya kuliandika, naye hakuitafuta.

Kisha mama akamsindikiza. Kwetu maneno yenyewe hutoka hapo, wakati wa kusindikizana, si sebuleni. Walipofika kwenye jiwe kubwa, nusu ya mteremko, mama akasimama, akamshika mkono.

"Silali, mwanangu. Ukirudi Alhamisi ile ya wiki mbili, njoo asubuhi, Shimba anakuwa mnadani. Nitakwambia vizuri."

"Nitakuja, mama."

"Usiache, tafadhali."

Akamfikisha hadi barabara ya lami ndipo akarudi. Nusrat alikuwa ameelewa, na hilo ndilo linalomuuma mpaka leo. Asingeelewa, angekuwa na pa kujifichia.

Alhamisi ya marudio, wiki mbili baadaye, saa tatu asubuhi, alikuwa chini ya mteremko. Mama mmoja muuza maandazi akamuuliza anakwenda kwa nani.

"Kwa Mama Shimba? Mh! Yule anakohoa tangu Jumatatu, kifua kimembana kwelikweli."

Nusrat akasimama. Viganja vilianza kumtoka jasho, akakumbuka kwamba hilo lilikuwa swali namba nne. Miezi miwili alikuwa amepima woga wa watu wengine, na hakuna aliyekuwa amempima yeye. Akageuka. Kwenye mgahawa mmoja Nyegezi aliagiza chai, akatoa dodoso la pili la Mama Shimba, akajaza mwenyewe: moja, moja, moja, mpaka nane. Si majibu yake nayajua, alijiambia. Chai hakuimaliza.

Pius, msimamizi wao, aliliweka dodoso hilo mbele ya wenzake wote.

"Mnaona huyu mama? Hajayumba hata swali moja. Hii ndiyo kazi."

Wakampigia Nusrat makofi, naye akaangalia viatu vyake.

Wiki iliyofuata alipitia Buhongwa kwa nyumba nyingine, akaona turubai limefungwa kule juu kwenye mawe. Akapanda. Alitoa pole, akakaa mkekani na kina mama, na alipoaga, Shimba akainuka kumsindikiza.

"Jumatano tulitaka kumpeleka hospitali," Shimba alisema wakishuka. "Akakataa. Akasema kesho yule binti wa maswali anakuja, nina neno naye, nikishamwambia tutakwenda. Alhamisi akavaa kitenge chake kipya, akakaa mlangoni mpaka jua likapinda. Ijumaa akatufia njiani." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hukuja, dada. Ulipatwa na nini?"

Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni: mvua, gari, homa ya mtoto. Walikuwa wamefika kwenye lile jiwe.

"Niliogopa," Nusrat alisema.

Shimba alimtazama kama anavyomtazama ng'ombe aliyemnunua akidhani ni mzima. Hakumtukana. Aligeuka tu, akarudi juu, akamwacha ashuke peke yake.

Jioni ile Nusrat alimwambia Pius ukweli wote, akamwomba alifute lile dodoso. Majibu yalikuwa yameshatumwa ng'ambo. Huko Mama Shimba ameandikwa mara mbili kwamba haogopi kitu.