Kabla ya Siku ya Tatu

Wayua hakuchukua kitu bila kukigeuza juu chini kwanza, na Kathiani nzima ilimjua hivyo. Mbuzi alimfungua mdomo akahesabu meno. Blanketi aliliinua kwenye jua atafute tundu. Na mwanawe Mutunga alipotaka kuoa, Wayua alikwenda mwenyewe mpaka Masinga kumtazama binti wa watu akisonga ugali, kabla hata wazee hawajatumwa. Aliporudi alisema, "Huyu achukuliwe," na tangu siku hiyo akampenda Mwelu kwa wivu, utadhani alimzaa yeye. Kwa hiyo muuguzi alipomwambia kwamba mjini Machakos kuna kikundi cha watu waliofiwa, wanaokutana kila Alhamisi kuongea, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema atakwenda kukikagua.

"Si wewe tunamtaka, Mama Mutunga," muuguzi Loise alimwambia pale zahanatini. "Ni yule msichana. Yeye ndiye mgonjwa, si umesema?"

"Ndiyo. Lakini siwezi mpeleka mahali sijaona."

Loise, ambaye ndiye aliyekiongoza hicho kikundi, aliinamia kitabu chake cha wagonjwa ili asicheke. Akamwandikia jina la ukumbi na saa.

Mwelu alikuwa amemaliza wiki saba bila kusema neno zaidi ya salamu. Alichota maji, akakamua ng'ombe, akafua, kazi zote bila kasoro, lakini ukimwuliza jambo alikutazama kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Chakula alikionja tu. Mutunga alifanya kazi katika kiwanda cha nguo kule EPZ, Athi River. Alikuja kila Jumamosi, akakaa na mkewe chini ya paa la jikoni, na Jumapili akarudi kazini amechoka kuliko alivyokuja. Wayua alijaribu maombi, akajaribu supu ya maini, akajaribu dawa ya kuongeza damu. Halafu Mulwa, kakake Mwelu, akapiga simu kutoka Masinga kusema kwamba Jumamosi hii anakuja kumchukua dada yake akapumzike kwao kidogo. Wayua alikuwa na umri wa kutosha kulijua hilo neno. Wake aliowajua waliokwenda kwao kupumzika hivyo hawakurudi, na jiko lile bila Mwelu hakutaka hata kuliwaza.

Chanzo cha ukimya wa Mwelu hakikuwa siri. Mwelu alikuwa amejifungua msichana, mtoto wake wa kwanza, mwenye nywele nyingi na moyo dhaifu. Jina lake lilijulikana hata kabla hajazaliwa, maana kipimo kilishaonyesha ni msichana, na kwa Wakamba binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake. Wayua alikuwa ametamba nalo sokoni miezi mitatu, akiwaambia wauza mboga kwamba anazaliwa upya na safari hii atakuwa mrembo. Lakini jina hutolewa siku ya tatu, wanawake wakishakusanyika. Mtoto aliishi usiku mmoja na mchana wake, akafa siku ya pili jioni.

Sasa, Wayua ni Mkatoliki wa benchi la pili, hakosi misa. Hata hivyo kuna mambo ambayo alipewa na mama mkwe wake kabla hajapewa katekisimu, na hilo lilikuwa moja: kabla ya siku ya tatu mtoto bado si wa watu, ni mgeni aliyechungulia tu mlangoni. Hafanyiwi matanga. Basi Wayua alikusanya zile nguo ndogo akazipeleka mbali, akawaambia majirani wasije, akapiga deki chumba. Yote hayo aliyafanya kwa upendo, ndivyo alivyoamini. Mwelu alimwuliza swali moja tu siku ile.

"Mwaitu, nimwite nani?" Mwaitu ni mama, kwa Kikamba.

"Usimwite," Wayua alimjibu, akimpapasa mgongo. "Huyo alikuwa hajafika bado. Utapata mwingine, na huyo ndiye atakuwa Wayua."

Mwelu alinyamaza, na Wayua akadhani amekubali.

Alhamisi ilipofika alivaa kitambaa kipya cha kichwa, akatia mfuko wa mbaazi kwenye kiondo, maana mtu haendi kwa watu mikono mitupu, akashuka Machakos. Ukumbi wa kanisa ulikuwa na milango miwili. Wayua aliingia kwa mlango wa kwanza, akaona viti vya plastiki vimepangwa mviringo na watu wameketi wametulia, akachagua kiti kilichokuwa na mgongo mzima. Wote walikuwa wanaume, isipokuwa mama mmoja wa makamo. Mmoja baada ya mwingine walisimama kusema walivyoharibu nyumba zao. Wayua alisikiliza nusu saa nzima na akakubali moyoni kwamba kikundi kilikuwa na nidhamu, ila hakuelewa mbona hakuna aliyemtaja marehemu. Hatimaye mwenyekiti wao, mzee mmoja mpole aliyeitwa Makau, akamgeukia.

"Karibu sana, mama. Usione aibu hapa. Umekaa siku ngapi bila kuguza pombe?"

"Aiya!" Wayua alishtuka. "Tangu nizaliwe!"

Wanaume waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika. Makau hakucheka. Alimsindikiza mpaka mlango wa pili, akambebea kiondo, na njiani akamwambia kwamba yeye alikuwa na miaka minne bila pombe. Wayua alimpa pole, halafu akampa hongera, kwa sababu hakujua ipi ilistahili.

Chumba cha pili kilikuwa kidogo. Loise alikuwepo, bila sare yake ya kazi, na watu watano. Wayua alipotoa mbaazi wakamshukuru lakini wakamwambia hapa hakuna anayeleta kitu. Sheria zilikuwa chache: yanayosemwa hapa hayatoki nje, hakuna anayelazimishwa kuongea, na hakuna kumpa mwenzako ushauri asipouomba. Hiyo ya mwisho Wayua aliiona ya ajabu mno. Watu wanakutana vipi bila kushauriana?

"Mimi nimekuja kuangalia tu," alitangaza. "Ni ya mtoto wangu, mke wa kijana."

"Angalia tu, mwaitu," Loise alisema. "Tuko na nafasi."

Aliyeanza alikuwa Urbanus, mchonga mawe wa Lukenya, mwenye vumbi la kazi bado kwenye nyusi. Ndugu yake alifunikwa na mawe mwaka jana. Tangu hapo, Urbanus alisema, akisikia nyundo ya mtu mwingine mkono wake unakufa ganzi. Wayua alimwambia papo hapo aukande na mafuta ya moto. Loise akamtazama. Wayua akafunga mdomo wake kwa kiganja, na Urbanus akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema atajaribu.

Kisha akaongea mwanamke mnene aliyeshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Mimi ni Kavutha, lakini niite vile wote wananiita. Mama Ndunda. Ndunda wangu alikufa na malaria akiwa na miaka sita. Sai angekuwa mtu mzima. Huko nyumbani walitaka kubadilisha, waniite na jina ya yule mdogo wake. Nikakataa. Nikawaambia, mkinitoa hiyo jina mmemzika mara mbili."

Alisema hivyo bila kilio, akanywa chai yake. Wayua alijikuta anakishika kiondo chake kwa nguvu bila sababu.

Zamu ilipomfikia, Loise alimwuliza kama angependa kusema lolote kuhusu huyo mke wa kijana. Wayua akasema. Alisema vizuri, kwa mpango, kama anayetoa taarifa ya jumuiya: mtoto alizaliwa lini, alikufa lini, msichana haongei, hali chakula, kaka yake anakuja Jumamosi. Akamaliza kwa kuuliza kama wanaweza kumtibu kabla ya Jumamosi.

"Pole, mwaitu," alisema Kavutha. "Huyo mtoto alikuwa anaitwa nani?"

"Hakupewa jina. Siku ya tatu haikufika."

"Na nani ndiye angempa?"

Upande wa pili wa ukuta wale wanaume walikuwa wakipigia mtu makofi.

"Mimi," alisema Wayua. "Ni jina yangu."

Hakuna aliyemlaumu. Labda kama wangemlaumu angejitetea, maana katika kujitetea alikuwa hodari. Walinyamaza tu, kama sheria zao zilivyotaka, na ukimya huo ukamlazimu kuendelea.

"Hata mimi nilifanyiwa hivyo," alisema. "Wa kwanza wangu. Kijana. Aliona jua moja tu. Mama ya bwanangu akamchukua, akaniambia nisiulize. Sikuuliza. Nikanyamaza, nikapona."

"Ulipona?" aliuliza Kavutha.

Wayua alifungua mdomo kujibu. Alichokiona ni kisogo cha mama mkwe wake akitoka mlangoni na kitu kidogo kilichofungwa kwenye khanga, miaka arobaini na tatu iliyopita, na yeye kitandani akihesabu hatua. Machozi yalimtoka yenyewe, mengi, bila sauti, na kilichomchoma zaidi hakikuwa yule kijana. Ni kwamba Mwelu alimwuliza kile ambacho yeye mwenyewe hakuthubutu kuuliza, naye akamnyamazisha vilevile. Alimpenda yule msichana kuliko mtu yeyote duniani, na alimnyima kitu ambacho hakuna mwingine angeweza kumpa. Loise alimsogezea karatasi za kufutia uso. Urbanus akatazama vidole vyake. Hakuna aliyemshauri kitu, na Wayua alishukuru.

Alifika Kathiani jua likiwa bado juu. Mwelu alikuwa ameketi kwenye jiwe karibu na tangi la maji, ungo mapajani, akibangua mbaazi. Mlangoni palikuwa na begi lake, limeshafungwa tayari. Ng'ambo ya ua wa michongoma jirani yao Kamene alikuwa akianika nguo, na kwa mdomo wa Kamene, linalosikika hapa saa kumi linafika sokoni saa kumi na moja. Wayua alisimama langoni. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani, ya kuomba msamaha na ya kueleza, na yote yakampotea. Akabaki na mawili, akayaita kwa sauti ya kuita mtu aliye mbali.

"Mama Wayua!"

Kamene aligeuka na shuka mkononi, akatafuta nani anaitwa. Mwelu hakuinua kichwa. Vidole vyake tu vilisimama juu ya ungo, na mbaazi moja ikaanguka mchangani. Wayua alingoja, akidhani amechelewa, wiki saba nzima amechelewa.

"Mwaitu," Mwelu alisema mwishowe, sauti yake imekwaruza kwa kukaa bila kazi. "Ita tena."

Wayua akaita tena, kwa nguvu zaidi, mpaka mbwa wa Kamene akabweka. Na Mwelu akaweka ungo chini, akasimama, akaitika.