Mvumo wa Koili Moja

Jumanne saa tisa alasiri, Nemayian alishuka kwenye basi la Handeni, gitaa mgongoni, akatembea hadi Manundu kwenye banda la fundi Hiza, mzee anayesuka upya waya za mota za mashine za kusaga. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Korogwe nzima hakuna mwingine anayesuka sumaku za gitaa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mama Kaika. Ziko tayari."

Zilikuwa mbili. Sumaku hizo hukaa chini ya nyuzi, hudaka mtikisiko wake na kuupeleka kwenye spika. Zilizokuja na gitaa lake zilikuwa legelege, na bendi yake inapiga muziki mzito, ule wa kutetemesha mabati. Hizi Hiza alizizungushia waya mara elfu kumi na nne, karibu mara mbili ya kawaida. Moja ilikuwa na koili moja, yaani msokoto mmoja wa waya. Nyingine ilikuwa na koili mbili zilizosukwa kinyume, ili mvumo wa umeme unaoingia huku uuawe na ule wa kule.

Alianza na ya koili mbili. Gitaa liliguruma kama dume la ng'ombe, na alipoziba nyuzi kwa kiganja pakawa kimya.

"Hiyo ndiyo yenyewe," Hiza alisema, kisha akafunga ya koili moja. Gitaa liliguruma vilevile, lakini nyuzi zilipozibwa mvumo ulibaki, na ndani ya mvumo mtu akamsalimu Kimaasai, "Takwenya."

"Iko," Nemayian aliitikia. Sauti ilikuwa ya mumewe, aliyefia juu ya nguzo ya umeme miaka miwili iliyopita.

Hiza alipunguza sauti ya spika kidogo. "Koili moja hudaka kila kilichomo kwenye waya. Kwa muziki mzito sikushauri. Ataongea katikati ya nyimbo."

"Fundi ana akili," mumewe alisema. "Chukua ile nyingine."

Nemayian alimwuliza kama amekula. Alijibu kwamba huko hakuna njaa, ila maziwa ya kibuyu anayakumbuka. Akaulizia ndama wa yule ng'ombe mweusi. Waliongea mpaka Hiza akamaliza chai yake. Nemayian alikuwa amemkumbuka mtu huyu hadi mbavu zinauma, jamani; amwache bandani vipi? Akachukua ya koili moja.

Kampuni ya ukandarasi iliyompa mumewe kibarua iliandika kwamba nguzoni alikufa mtu asiyejulikana, aliyepanda bila kutumwa. Msimamizi, Stefano, alikuwa amefika nyumbani kwao Misima, Handeni, na fomu, akauliza marehemu aliitwa nani. Katika ukoo wa mumewe jina la aliyekufa halitajwi; ukilitaja, umemuaga, harudi tena. Wazee walitazama chini, Nemayian naye akatazama chini. Stefano akajaza "hajulikani" na kuondoka. Jina alikuwa akilijua vizuri, maana kila asubuhi yeye ndiye aliyeliita kazini.

Jumapili mchana bendi ilipiga kwenye ukumbi mdogo wa Manundu. Yordani, mpiga dramu, aliusikia mvumo akakunja uso. Katika wimbo wa tatu, Nemayian alipoziba nyuzi kabla ya kiitikio, mumewe alisema kwenye spika zote, bila hasira: "Stefano ndiye aliyenituma nipande. Aliniambia umeme umezimwa."

Watu walisikiliza, wengine wakatikisa vichwa. Stefano alikuwa palepale na soda yake. Alisogea jukwaani kwa adabu.

"Nimekusikia, ndugu yangu. Lakini faili linataka jina."

Nemayian alingoja mumewe ajitaje. Wafu nao wana miiko yao. Basi akainamia maikrofoni, akalitaja mwenyewe.

"Lesiamon Kuntai."

Mvumo ukakatika. Bendi ikamalizia wimbo.

Wiki iliyofuata barua ilifika: muda wa kurekebisha fomu ulishapita, marehemu anabaki hajulikani. Wanasema sheria ni msumeno. Wa kampuni ile hukata upande mmoja tu.

Siku hizi wapiga gitaa huja hata kutoka Hale kuiangalia sumaku ya Nemayian: koili moja, nguvu zote zile, na haivumi. Humwagiza Hiza awasukie kama hiyo, na zao huvuma. Wakishaondoka, Nemayian hufungulia sauti mpaka mwisho, huziba nyuzi kwa kiganja, hulaza sikio kwenye spika. Hakuna kelele hata chembe.