Kilomita za Wajumbe

Generoza alikwenda kwenye mkutano na ungo wa choroko, kwa kuwa mikutano ya Kisanga ilikuwa mirefu na choroko zilikuwa na mawe. Ulikuwa mwaka wa pili tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, na mimba yake ilikuwa imeshakua.

Ofisa kutoka Dar es Salaam alieleza kwamba uwanja wa ndege wa huko na ule wa Stockholm vimeachana mno. Wajumbe wanaokwenda kuomba misaada hufika hoi, na mtu aliye hoi haombi vizuri. Kwa hiyo safari itapunguzwa. Kilomita zitakazotolewa hazitatupwa, zitatunzwa kijijini.

"Nani anajitolea?" akauliza mwenyekiti, Mzee Melkizedek.

Mikono yote ikapanda. Kisanga, neno kujitolea likitajwa tu, mikono hupanda. Walichojitolea, watu huulizana baadaye, nyumbani. Generoza naye alinyoosha wake, umeshika choroko.

Kesho yake kisima kilikuwa mbali. Aliyekwenda alfajiri alirudi jua likizama, ndoo imebaki nusu. Wanawake wakaanza kudamka mapema zaidi, na wanaume wakalalamika kwamba chai inachelewa. Kilabu cha pombe hakikusogea, wala nyumba ya mwenyekiti.

Generoza akamfuata huko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Zahanati ya Mikumi tulikuwa tunafika kwa baiskeli kabla jua halijawa kali. Naomba mnirudishie hizo kilomita tu, nikajifungue."

"Wajumbe wako angani, mwanangu. Nikizitoa sasa, watatua wapi?"

Generoza alikasirika hasa. Mzee akamshauri apunguze hasira, si nzuri kwa mtoto.

Mumewe, Damiano, akampakia kwenye baiskeli. Uchungu ukamshika njiani, kijiji hakionekani nyuma wala Mikumi mbele, akajifungulia majanini huku Damiano akishikilia kanga na kutazama pembeni. Damu ilimtoka nyingi, akaogopa kufa. Kurudi kulikuwa mbali sawa na kuendelea, basi wakaendelea. Mtoto akaota meno. Tairi zikaisha. Mtoto akajifunza kusukuma baiskeli.

"Mama, wewe mzembe sana," alifoka muuguzi Anastazia walipofika. "Mtoto anatembea ndiyo unakuja kuzaa?"

Generoza akaomba radhi, akapanga foleni.

Redio ya zahanati ilikuwa ikitangaza kwamba wajumbe wametua Stockholm wakiwa wachangamfu, na msaada umepatikana: utajengwa uwanja mwingine wa ndege. Foleni nzima ikapiga makofi.

Walipomaliza kuhudumiwa, mtoto, ambaye alikuwa hajawahi kupaona kwao, akauliza kama ni mbali.

"Kawaulize wajumbe," akasema Generoza. Akajifunga kanga vizuri kiunoni, wakaanza kurudi.