Ubeti wa Shukrani

Shimo lilikuwa limemfika Eunike mabegani na maji yalikuwa hayajaonekana. Alisimama ndani yake, katikati ya korongo, akichota mchanga kwa bakuli lililovunjika ukingo na kuumwaga juu, karibu na miguu ya Elizabeti. Mchanga mkavu ukaisha, ukaja wenye ubaridi, kisha wenye unyevu. Alipopiga magoti aliona doa jeusi chini likijikusanya polepole, kama jasho kwenye mgongo wa punda.

"Yanakuja," alisema.

"Yasije na chura kama ya jana." Elizabeti alikuwa Mnyaturu. Aliletwa Karatu na mumewe kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa. Mume alirudi Singida, yeye akabaki. "Nyie Wambulu mna subira ya ajabu. Kwetu tungeshahama."

"Si mlihama?"

Elizabeti alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha wote wawili wakasubiri, maana maji ya korongoni hayaji kwa kuitwa. Yalipokuja yalikuwa na rangi ya chai iliyokosa maziwa, na bakuli moja lilichukua muda mrefu kujaa.

Katika kusubiri huko ndimo Eunike alimotungia wimbo wake. Hakukaa mezani na kalamu. Aliishia darasa la saba, na tangu afiwe na mumewe mikono yake haikuwa na nafasi ya kushika kalamu. Aliimba ndani ya shimo kwa sababu ndani ya shimo sauti inarudi. Beti tatu za kwanza zilikuwa za kulia: mchanga uliokula kucha, punda aliyefia njiani, mtoto wa jirani aliyeharisha siku mbili na wa tatu akazikwa. Ubeti wa nne ulikuwa wa shukrani.

*Bomba linaimba Migungani,*
*ndoo imejaa, kichwa kimelowa.*
*Asante, Bwana, tumekunywa.*

Bomba la Migungani, kitongoji chao, halikuwa limeimba hata mara moja. Lilisimama karibu na kanisa, limejengewa saruji na kupakwa rangi ya bluu, nalo lilikuwa kavu tangu mumewe alipokuwa hai. Lakini mama yake alimfundisha kwamba anayeomba anashukuru kwanza, kabla hajapewa, ili Mungu asimwone mtu wa mashaka. Ndiyo maana aliuweka ubeti ule mwishoni, na kila ulipofika aliuimba macho yamefumbwa, kwa sauti iliyofanya hata wazee wa benchi la nyuma wainue vichwa.

Kwaya ikaupenda wimbo. Mwalimu Emilian, aliyeongoza kwaya, akawapeleka studio mjini Karatu, wakarekodi beti zote nne, Eunike akiongoza. Wiki chache baadaye alimfuata Eunike nyumbani akiwa na uso unaong'aa.

"Mama Hhando, diwani wetu amejitolea. Mheshimiwa Leonce anatushutia video. Dairekta anatoka Arusha, mtu wa kazi kubwa kubwa."

"Wanakuja kupiga picha hapa?"

"Hapa hapa Migungani."

Eunike aliweka chini ungo. "Na shimo watalipiga picha?"

"Watapiga kila kitu. Video haina mipaka, mama. Itafika mpaka Dodoma. Wakubwa wataona tunavyoishi."

Jioni ile Eunike alipiga magoti kando ya kitanda akashukuru, kabla hajaona.

* * *

Walifika asubuhi kwa gari la kubebea watalii, paa limefunguliwa, na nyuma yake likaja boza la maji la lodge moja ya kule juu, njia ya kwenda Ngorongoro. Watoto walilikimbilia boza, hawakulitazama gari.

Dairekta aliitwa Aloyce. Alikuwa kijana mpole, mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, na aliwaamkia wazee wote shikamoo. Eunike alimpeleka korongoni mwenyewe, akiwa ameshavaa sare ya kwaya, akamwonyesha shimo. Aloyce aliinama, akachungulia, akapiga picha moja kwa simu.

"Lokesheni kali sana hii, mama. Ila haibebi konsepti."

"Konsepti ndiyo nini, mwanangu?"

"Ni lile wazo la video. Mtazamaji anaona nini, anabaki na nini moyoni. Ukimwekea shimo, anaruka, anaenda kwenye video ya mtu mwingine. Kilio hakitembei siku hizi. Tunampa rangi, watoto wanacheza, madumu ya njano mapya, droni inapanda mpaka kule ukingo wa Ngorongoro kwenye mawingu. Halafu maji, mengi, tena taratibu, slo-mosheni. Hapo mtu habanduki."

"Lakini sisi maji hatuna."

"Ndiyo maana tumekuja nayo."

Waliporudi, vijana wake walikuwa wameshapitisha mpira kutoka kwenye boza, nyuma ya ukuta wa saruji, mpaka kwenye shingo ya bomba. Eunike alipangwa mbele ya kwaya, naye Aloyce akaweka jicho kwenye kamera.

"Mama, tabasamu kidogo. Fungua mdomo kama unaimba."

Eunike akatabasamu. Meno yake yalikuwa ya kahawia yenye mistari, kama ya karibu kila mtu aliyekua akinywa maji ya pale, yanayotia meno rangi. Aloyce aliinua kichwa, akatazama pembeni, akamwita Mwalimu Emilian. Waliongea kwa sauti ya chini, lakini Eunike alikuwa mtu wa kutazama, na alimwona Emilian akigusa mdomo wake mwenyewe.

Emilian alirudi kwa hatua fupi. "Ayo," alisema. Hilo ni neno la Kiiraqw, lugha ya Wambulu, la kumwita mama, na Emilian hulitumia anapojua amekosa. "Ayo, wanasema kamera inavuta karibu sana. Sauti ni yako, hakuna atakayeigusa. Ila mbele wataweka binti waliyekuja naye, aigize mdomo. Ni huduma tu. Muhimu ujumbe ufike."

"Na mimi nikae wapi?"

"Nyuma kidogo. Au… pumzika kivulini."

Binti aliitwa Janeth. Alitoka garini amevaa lubega jekundu la Kimaasai na shanga shingoni, meno meupe kama karatasi. Alikwenda moja kwa moja kwa Eunike, akapiga goti.

"Shikamoo mama. Samahani. Mimi naitwa tu nakuja."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Kwetu Babati. Hizi nguo ni konsepti." Akashusha sauti. "Pale kwenye 'kichwa kimelowa', pumzi unavutia wapi? Nikikosea itaonekana siyo yangu."

Eunike akamshika mbavuni, akamwimbia pole pole, akamwonyesha mahali pa kuvuta pumzi na mahali pa kuiachia.

Muziki ukawashwa, mtu akafungulia boza, na bomba la Migungani likatoa maji.

Yalianza kwa kukohoa kutu, yakaja meupe, mazito, yakapiga saruji kwa kelele. Wanawake hawakusubiri kuambiwa. Walikimbia nyumbani wakarudi na ndoo, sufuria, karai za kuogea.

"Mwaga juu!" Aloyce alikuwa akiwapigia kelele watoto. "Juu zaidi! Jua lipite ndani ya maji! Janeth, zunguka, zungusha kichwa! Mama wa kilemba, hayo usiyabebe, rusha!"

Mama wa kilemba alisita, ndoo imejaa mikononi. Akamtazama Emilian. Emilian akatikisa kichwa kumwashiria afanye, naye akarusha maji hewani, akafumba macho kama mtu anayetupa chakula.

"Kata! Nani huyo kaingia na dumu chafu?"

"Ndilo langu, dairekta," Elizabeti alisema, amechuchumaa penye bomba, mkono juu ya mfuniko. "Hayo madumu masafi umekuja nayo wewe."

"Mama, unaniharibia fremu."

"Likijaa nitatoka."

Wakamtoa na dumu lake nusu. Karibu na mwisho Mheshimiwa Leonce akafika, shati jeupe, akapangusa viatu, akaoneshwa mahali pa kusimama. Alifungua bomba kwa mkono wake mwenyewe, akakinga maji kwa viganja, akanywa, akacheka kuelekea kamera. Walirudia hapo mara nyingi.

Kisha boza likaondoka. Lilikuwa na maji bado, yalisikika yakigonga ndani kwenye makorongo ya barabara. Dereva alisema bustani ya lodge haijamwagiliwa. Pale bombani likabaki tope, na mbuzi walikuwa wakisukumana kulilamba.

* * *

Emilian alimwonyesha video kwenye simu yake, nje ya kanisa, baada ya ibada. Droni ilipanda, mawingu yakamwagika ukingoni mwa kreta, Janeth akazunguka, matone yakasimama hewani yakimeta moja moja. Ilikuwa nzuri. Eunike hakuweza kusema si nzuri. Sauti yake ilitoka kwenye mdomo ule mweupe na pumzi zote zilikaa mahali pake.

Akazisubiri zile beti tatu za kwanza. Hazikuja. Ubeti wa nne ukaimbwa, ukarudiwa, ukarudiwa tena, na Mheshimiwa akanywa.

"Walikata kwa sababu ya muda," Emilian alisema.

"Muda wa nani?"

Emilian akazima simu.

Mkutano wa kijiji uliitishwa wakati mchanga wa korongo umekauka zaidi, na sasa shimo lilimzidi Eunike kimo. Afisa wa maji alikuwa mgeni, amehamishiwa wilayani karibuni. Alikaa meza kuu pamoja na diwani, mbele yao chupa za maji ya dukani. Alieleza kwamba mabomba ya kuunganisha yamefika, hayatoshi wote, na vitongoji ambavyo havijawahi kuonja maji ndivyo vitakavyoanza. Akavitaja kimoja kimoja.

Eunike akanyoosha mkono. "Migungani hujaitaja, mwanangu."

"Migungani mlishapata."

"Tulipata nini?"

Afisa akatoa simu, akaigusa, akaielekeza kwa watu. Sauti ya Eunike ikatoka hapo, ndogo na safi, ikapita juu ya vichwa vya waliokaa kwenye nyasi. Wengine wakaanza kuitikia kwa mazoea, kisha wakakatiza.

"Hili si bomba lenu?"

"Ni letu."

"Na haya si maji?"

"Ni maji. Yaliletwa na boza. Waliyamwaga, wakaondoka."

"Mama, mimi naangalia ninachokiona."

Mheshimiwa Leonce akajisogeza mbele, akitabasamu kama anayemtetea mtu. "Mama Hhando tunamheshimu. Mama wa kanisa. Aliumia kidogo siku ile alipokosa kuonekana kwenye video. Ndivyo tulivyo binadamu. Tumsamehe."

Kicheko kikapita nyuma, kidogo, cha aibu.

"Siyo kuonekana," Eunike alisema. "Sauti hiyo ni yangu."

"Sauti ipi?" afisa akauliza.

"Hiyo inayoimba. Nimeitunga mimi, nimeiimba mimi. Yule binti anafungua mdomo tu."

Afisa akaitazama simu, akamtazama Eunike, akaonekana kufurahi kwa kweli, kama mtu aliyepata alichokuwa hana. "Sasa, mama yangu. Kama ni wewe uliyeimba, basi wewe mwenyewe umetamka kwamba mmekunywa. Tukuamini hapa, au tukuamini kule kwenye wimbo wa Mungu?"

Eunike alifungua mdomo. Akaona watu wa meza kuu wakiyatazama meno yake, akainua ncha ya khanga akafunika.

"Niliimba kwa imani," alisema nyuma ya kitambaa.

"Na sisi tumepokea kwa imani. Anayefuata?"

Alimtafuta Mwalimu Emilian kwa macho. Emilian alikuwa akifunga kamba ya kiatu. Alipomaliza ya kwanza akaanza ya pili. Elizabeti peke yake ndiye aliyesimama, akasema kwa sauti kubwa kwamba yeye alitolewa pale bombani na dumu lake nusu, na dumu lipo, waje walione. Mwenyekiti akamwambia huo ni mkutano wa wakazi, siyo wa vibarua wa mashamba.

* * *

Kampeni zilipoanza, Eunike alikuwa ndani ya shimo. Sasa ilibidi Elizabeti amshushe kwa kamba na kupokea bakuli kwa kuinama tumbo chini. Maji yalikuwa yamejikusanya kiasi cha kufunika vidole.

Alisikia gari kabla ya kusikia wimbo. Lilikuja na barabara ya juu ya korongo, spika zimefungwa pande mbili, na vijana waliovaa fulana mpya zenye picha ya Mheshimiwa wakiwa wamesimama nyuma, wakipiga makofi. Kisha spika zikaachia.

*Bomba linaimba Migungani…*

"Ni wewe huyo," Elizabeti alisema toka juu, bila kucheka.

Ndani ya shimo sauti ilirudi, ikamzunguka. Eunike alitambua pumzi yake. Gari likapunguza mwendo penye kona, ubeti ukarudiwa, vijana wakapunga mikono kuelekea punda waliosubiri maji ukingoni. Vumbi likainuka, likasita kidogo juu ya korongo, kisha likaanza kushuka.

Eunike alivua khanga ya kichwani, akaitandaza juu ya maji ili vumbi lisiyaingie, akailalia kwa mikono miwili, uso chini, wakati juu yake sauti yake ikiendelea kushukuru.