Nguzo ya Katikati

Nyuma ya maabara kulikuwa na uwanja ambao watafiti wa mbao waliuita makaburini. Vijiti vya mbao vilisimama pale safu kwa safu, nusu vimefukiwa, nusu viko nje, vikingoja mchwa. Upande mmoja vilivyolowekwa dawa, upande wa pili vikavu. Kila mvua zikipita, mtafiti aliyeitunga dawa hiyo alikwenda na ndoo yake, akaving'oa, akavitazama, akavirudisha ardhini. Vikavu viliendelea kuliwa mpaka vikabaki maganda. Vya dawa vilisimama vizima, hata kucha haikuingia, naye alikuwa akirudi ofisini anapiga mluzi, mtu mzima na shahada zake.

Dawa yenyewe haikuwa na makuu. Ilikuwa maji ya magome yaliyochemshwa mpaka yakawa mekundu mazito, tena magome yenyewe viwanda vya mbao vilikuwa vikiyatupa. Ndiyo maana aliipenda kuliko kazi zake zote. Mti mchanga wa bei nafuu, ule ambao mnyonge anaezekea nyumba na mchwa wanamlipa kwa vumbi, sasa ungepata mlinzi wa bure.

Baba yake, seremala mstaafu, hakungoja ripoti ya mtu. Alikuwa na boriti za mti mgumu alizoziweka tangu ujana, akisema ni za nyumba ya uzeeni. Alizitoa zote akampa mdogo wake. "Chukua," alimwambia. "Wewe huna mtoto daktari wa miti. Mimi ninaye." Kisha akajenga nyumba yake kwa miti michanga iliyolowekwa kwenye pipa la binti yake, kuanzia nguzo ya katikati hadi paa. Mgeni yeyote akiingia, kabla hajapewa hata maji, alishikwa kidevu atazame juu.

Mambo yaliharibika kwenye uwanja wa pili. Mkuu wa kitengo alitaka dawa ijaribiwe bondeni pia, kwa gogo jingine changa, ili ripoti isiwe na mguu mmoja. Vijiti vikapandwa. Mvua za kwanza tu zilipokwisha, mtafiti aling'oa cha dawa kikamkatikia mkononi. Akavuta cha pili, nusu ikabaki ardhini. Mchwa walikuwa wamekula vyote, vya dawa na vikavu, bila ubaguzi.

Alirudi maabara akafungua kabati la pacha. Ndivyo walivyofanya kazi hapo: kila kijiti kinachokwenda makaburini kinakatwa kipande, na hicho pacha wake kinabaki kabatini, kikavu, hakijaonja dawa wala udongo. Akawapanga pacha wa uwanja wa kwanza mezani. Mti ule ni mweupe ndani na nje. Kiini chake kigumu na sehemu laini ya pembeni hazitofautiani kwa macho. Iodini ndiyo inayozitenganisha. Ya pembeni ina wanga, basi hugeuka nyeusi. Kiini hakina, hubaki na rangi ya njano ya iodini yenyewe.

Akadondosha. Pacha wa vijiti vikavu wakageuka weusi, mmoja baada ya mwingine. Pacha wa vijiti vya dawa wakabaki njano, wote.

Alikaa kitako. Kumbe walionusurika wote walikuwa kiini, na kiini cha mti ule mchwa hawakigusi, hata ukikilowesha kwa chai. Dawa haikuwahi kulinda kitu; gogo la bondeni, kwa uchanga wake, halikuwa na kiini cha kuisitiri. Maji ya magome yalikuwa yameoshwa na mvua siku nyingi zilizopita.

Na alijua ilivyotokea. Gogo lile la kwanza alilipasua baba yake, kwenye karakana yake, kwa furaha ya kumsaidia mwanawe. Vijiti vikipasuliwa sharti vichanganywe kama karata kabla ya kugawanywa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Lakini alikuta mafungu mawili yamepangwa vizuri, kingo sawa, vumbi limefutwa, akaona aibu kuivuruga kazi ya baba. Fungu moja akalitia pipani, jingine akaliacha. Hakuuliza limepangwaje.

Mwenzake wa maabara, ambaye walimwita Sumu kwa sababu alipikia chai kwenye vyombo vya kemikali, alisimama nyuma yake akaitazama meza.

"Funika kombe mwanaharamu apite," alisema. "Ripoti tayari iko kwa mkuu. Uwanja wa pili tuseme ulikumbwa na mafuriko."

"Na paa la baba je? Nalo nilisingizie mafuriko?"

Sumu akampa mgongo. Akaenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi. Mtafiti akaipeleka habari kwa mkuu mwenyewe, akaambiwa mradi umekufa, kisha akachukua bisibisi akaenda kwa baba yake.

Alimkuta ameketi sebuleni, jua la mchana limejaa mlangoni. Msumeno wa umeme ulikuwa umemla masikio miaka mingi, kwa hiyo alisoma midomo ya watu. "Daktari wangu!" alisema. "Umekuja kumpima mgonjwa?"

"Nimekuja kuitazama nguzo, baba."

Mzee akacheka, akainuka, akaweka kiganja juu ya nguzo ya katikati. Zamani alikuwa akigonga mbao na kusikiliza. Siku hizi alimwachia mwingine agonge, yeye akasikiliza kwa mkono. "Gonga," alisema.

Binti akagonga kwa mpini wa bisibisi. Sauti iliyomjia ilikuwa ya debe tupu. Akamtazama baba yake, na baba alikuwa ameacha kucheka.

"Gonga tena. Chini."

Akagonga. Mzee akahamisha kiganja, akangoja, akakiondoa na kukifuta kwenye suruali.

"Paa nalo?"

"Nalo, baba. Ni miti ileile." Akasema polepole ili midomo isomeke. "Dawa haifanyi kazi. Vijiti vilivyopona vilikuwa vya kiini. Nimekosea mimi."

Mzee alifikiri. Kisha uso wake ukabadilika, na binti akatamani kama asingalisema lolote.

"Vile nilivyokupasulia? Vya katikati ya gogo nilivipanga upande wa dirisha."

"Ulipanga vizuri. Mimi ndiye sikuuliza."

"Ningekwambia, mwanangu. Ungeniuliza tu, ningekwambia."

"Hamia kwangu, baba. Leo."

"Nikawaambie watu nini? Kwamba paa la daktari limemfukuza baba yake?" Akatikisa kichwa. "Hapana. Na boriti zangu usinitajie. Boriti zikishabeba nyumba ya mtu haziombwi."

"Litakuangukia!"

"Huenda. Na mimi pia naanguka, sote tumeshaliwa." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. Binti akalia waziwazi, bisibisi bado mkononi.

Kivuli kikaziba jua la mlangoni. "Hodi wenyewe!" Alikuwa baba mdogo, yule aliyepewa boriti, mtu mnene mwenye maneno mengi, kapita kusalimia. Kama kawaida yake, alikwenda moja kwa moja kuiegemea nguzo ya katikati. Mzee akamdaka mkono akamkalisha kwenye kiti, kisha akamshika kidevu akakiinua juu.

"Tazama hilo paa," alisema. "Kazi ya binti yangu."

"Nimelitazama mara ngapi, kaka!"

"Litazame tena."

Baba mdogo alipokuwa bado ameinua uso, mzee akamsogelea binti yake na kumnong'oneza, kwa sauti aliyodhani ni ya chini.

"Ukitoka, mlango uurudishe taratibu."