Anwani ya Kujibia

Mimi ni fundi wa kompyuta wa chuo, na nimechoka. Barua pepe nazisoma kwenye skrini nyeusi ya maandishi matupu, programu ya zamani ninayoing'ang'ania kwa ubishi tu. Za kazini na zangu binafsi zote huingia humo. Kasoro ni moja: ukijibu yoyote, jibu linatoka kwa anwani ya dawati la msaada, na mtu akiandika tena barua yake inaangukia foleni ya mwenzangu, si kwangu. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio. Miaka miwili nimesema kesho.

Mwezi uliopita baba aliniandikia kwenye anwani yangu binafsi. Hatukuwa tumesemeshana tangu msiba wa mama. Hata namba yake ya simu niliifuta kwa hasira. Mistari minne, ya kuulizia hali. Nilimjibu harakaharaka, katikati ya printa mbili zilizogoma, nikasubiri. Kimya. Nikasema shauri yake, kichwa kigumu yule.

Alhamisi mwenzangu wa dawatini akageuza kiti.

"Dada, huyu mzee unamjua? Kila alipoandika mashine ilimpa namba ya ombi, na bado aliandika tu."

Nilisoma nimesimama. Ya kwanza: "Mwanangu, Jumanne napasuliwa macho. Utakuja?" Mashine ikamjibu: Ombi lako limepokelewa, litashughulikiwa ndani ya siku tatu. Ya pili: "Sikuombi kitu. Ukae tu pale nje." Ombi lako limepokelewa. Ya tatu, ya Jumatatu jioni: "Haya mama, nimeelewa." Hiyo mwenzangu aliifunga kwa mkono wake: Tatizo limetatuliwa.

"Ni baba yangu," nikamwambia.

"Mungu wangu! Si ungesema, dada?"

Ningesema nini, na mimi mwenyewe sikujua? Nilifungua lile faili nikaandika ule mstari: jibu litoke kwa anwani iliyoandikiwa. Dakika mbili hazikufika. Nilijichukia vibaya sana.

Kisha nikaandika: "Baba, ni mimi mwenyewe. Zile zilikuwa za mashine. Natoka sasa hivi." Nikahakikisha juu pamekaa anwani yangu, nikatuma.

Nilikuwa natafuta mkoba jibu lilipoingia.

"Mimi ni jirani yake. Macho bado yamefungwa bandeji, kwa hiyo nimemsomea mimi. Amesema nimsomee tena."