Siku Mheshimiwa Alipokataa Kuharibika

Gereji kwetu gari lile tulilipa jina la Mheshimiwa, kwa sababu halikuwahi kuja peke yake. Kila mara lilisindikizwa: mbele gari la kuvuta, nyuma mwenyewe, Wakili, ndani ya teksi, suti imekunjamana na simu iko sikioni. Ni gari kubwa, jeusi, viti vya ngozi, lilishapita kwa watu wawili kabla yake. Nimelitibu miaka minne, na nalijua kuliko ninavyowajua shemeji zangu.

Badala ya springi lina mifuko ya upepo, na mfuko mmoja ukitoboka gari zima linalala upande. Giaboksi yake ikichoka inarusha teke. Oili inavuja mahali ambapo huwezi kupafikia mpaka ushushe injini, kazi ya siku mbili, kwa ajili ya kipande cha mpira kinachoenea kiganjani. Dirisha la paa nalo mifereji yake huziba, maji ya mvua yakajaa juu, na Wakili akifunga breki yanammwagikia kichwani. Msimu mzima wa mvua alikuwa anaendesha na taulo mapajani. Spea huagizwa ng'ambo, na bei zake unazitaja polepole, mteja akiwa amekaa.

Sitaki unafiki: Mheshimiwa ndiye aliyekuwa akinisomeshea watoto.

Basi asubuhi moja navaa ovaroli, mke wangu akaniambia baba yake amelipwa kiinua mgongo na anataka kununua gari.

"Vizuri," nikasema.

"Kubwa, jeusi. La wakili mmoja hivi."

Nikakosea vifungo vyote.

"Baba wa watoto," akasema, "ile ndiyo pesa yake ya uzeeni. Hana nyingine. Leo anakuletea ulikague. Usimwache akaitupa."

Baba mkwe alikuwa mtunza bohari ya hospitali miaka thelathini. Godoro likiletwa bohari, hatii sahihi mpaka alipige ngumi, alinuse, alikalie. Mimi nimemwoa binti yake, huu mwaka wa tisa, na bado hajanitilia sahihi. Alitaka mkwe mhasibu, mwenye kucha safi. Mpaka leo haniiti mwanangu, ananiita fundi.

Saa nne wakaingia gereji, yeye na Wakili, na Mheshimiwa alikuja kwa magurudumu yake mwenyewe. Vijana wangu waliacha kazi wakatazama. Na kosa lilikuwa langu. Wiki iliyotangulia Wakili aliniambia anataka gari likae vizuri, hakusema anataka kuliuza, nami nikalitengeneza siku sita kwa moyo wangu wote. Mifuko mipya, mifereji nimeizibua kwa waya, hata mlango wa nyuma uliokuwa unalia nikaunyamazisha.

Tukatoka kulijaribu, mimi nimeshika usukani. Nilipita kwenye kila shimo ninalolijua na mengine mawili nisiyoyajua. Likaelea tu. Nikafunga breki kwa ghafla, nikitegemea angalau tone moja limdondokee mzee shingoni. Pakavu. Kwenye dashibodi, ambako miaka minne taa zilikuwa zinawaka kama nyumba yenye sherehe, hapakuwa na hata moja. Nililitukana kimoyomoyo gari lile, tusi ambalo siwezi kuliandika.

Mzee alikuwa ameegemea dirisha, anawatazama watu wanaotembea kwa miguu chini kule.

"Miaka thelathini," akasema, kama anaongea na kioo, "nilikuwa nasimama pale getini asubuhi, wakubwa wanapita na magari ya namna hii wananirushia tope. Hawakuwa wanapunguza mwendo."

Nilimhurumia sana. Lakini huruma hainunui giaboksi.

Tuliporudi akashuka, akasimama mbele yangu, mikono nyuma. "Haya, fundi. Sema."

Nikasema. Mifuko, giaboksi, oili, paa, matairi yanayobadilishwa yote manne kwa pamoja, mafuta linayoyanywa hata likiwa limeegeshwa. Hilo la mwisho nilitia chumvi. Wakili alinisikiliza mpaka mwisho, akitabasamu, kisha akafunga kifungo cha koti.

"Mzee, kwa ruhusa yako, nimuulize mawili matatu. Fundi, miaka minne hii nani amekuwa akilitengeneza gari hili?"

"Mimi."

"Wiki iliyopita, unanikabidhi funguo, uliniambia limekaaje?"

Nilikuwa nimemwambia limekaa kama limetoka kiwandani. Tena kwa sauti, vijana wote walisikia.

"Kama jipya," nikasema.

"Basi ama gari ni zima, ama fundi ni mbovu. Kipi?"

Ningeweza kueleza kwamba gari la namna hii leo unalitengeneza vizuri kabisa huku, kesho linaharibika kule. Huo ndio ukweli. Lakini mzee alisikiliza maelezo ya wauza magodoro miaka thelathini, maelezo hayamwingii. Alikuwa ananitazama, anasubiri. Na vijana wangu wanasubiri, na wateja wawili kwenye benchi wanasubiri.

"Fundi ni mbovu," nikasema. "Baba, usilinunue. Nimelipakapaka tu. Kazi yangu ni ya kubahatisha."

Uso uliniwaka moto. Mteja mmoja kwenye benchi akainuka, akaenda kulitazama gari lake.

Mzee akalizunguka gari lote, akaupiga mlango ngumi moja, akausikiliza.

"Miaka minne limekuwa mikononi mwako?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe kazi huijui."

"Siijui."

"Na leo limekuja hapa linatembea." Akamgeukia Wakili. "Nalichukua. Gari lililovumilia mikono ya huyu, hakuna cha kuliangusha tena."

Wakili akatoa karatasi haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitoa chochote. Mzee akatia sahihi palepale juu ya boneti.

"Baba," nikasema, "litakapoharibika atalitengeneza nani?"

"Nitatafuta fundi," akasema. "Wewe nilikupa binti, inatosha."

Akaondoka nalo, taratibu, kimya kabisa, mlango wa nyuma haulii.

Haikupita nusu saa mke wangu akapiga simu.

"Amelinunua?"

"Amelinunua."

"Kwani hukumwambia?"

"Nilimwambia mimi ni fundi mbovu, sijui kazi. Mbele ya watu wote."

Mke wangu ananijua. Kuna mteja aliwahi kusema breki nilizofunga zinapiga kelele, nikashindwa kula siku nzima.

"Ulisema hivyo kwa ajili ya baba yangu?"

"Na haikusaidia kitu."

"Najua haikusaidia," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Rudi nyumbani mapema leo."

Nikafunga gereji saa nane mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niifungue.